Tuzo mbili za Kitivo cha Sheria hapa Likasi, na sentensi niliyoweka chini ya maneno ya watu bila kuwasomea

Wakuu wa jukwaa, heshima zenu.

Katika kazi niliyoifanya maisha yangu yote, mhusika huandikwa juu ya ukurasa na maelezo hufuata chini. Nami naanza hivyo.

Mhusika wa kwanza ni Katibu wa Kitivo cha Sheria katika chuo kikuu kimoja cha hapa Likasi, Haut-Katanga. Ndiye aliyeandika kwamba kamati ya tuzo imeikataa kazi ya mwanafunzi kwa kauli moja, ilhali wajumbe hawakusomewa neno hata moja.

Mhusika wa pili ni mimi ninayewaandikia.

Jina la Katibu silitaji, wala la chuo, kwa kuwa mtu ana haki ya kujibu kabla ya kutangazwa. Anajijua. Ninayoyaeleza hapa ama niliyaona kwa macho yangu ama nina karatasi yake. Ambalo sina karatasi yake nitasema sina.

Sasa twende kwa utaratibu.

Nilikuwa greffier. Kwa ndugu zangu wa Dar, Nairobi na Mombasa: greffier ni karani wa mahakama. Mtu anafika mbele yako, anaongea Kiswahili chetu cha Katanga, kile ambacho nyinyi mkikisikia mnatabasamu. Wewe unaandika kwa Kifaransa, papo hapo, ukitafsiri kichwani. Maandishi hayo ndiyo procès-verbal, sisi tunasema PV tu.

Akimaliza kusema, sheria inakutaka umsomee yote uliyoandika, kwa lugha anayoielewa. Akikubali kwamba ndiyo maneno yake, unamalizia kwa sentensi moja ya Kifaransa: Lecture faite, persiste et signe. Yaani amesomewa, anashikilia maneno yake, anasaini. Asiyejua kuandika anaweka kidole gumba.

Hiyo ni sheria. Sasa nieleze tulivyofanya.

Mchapaji wetu alikuwa na mashine ya stensili. Ili kutuokolea muda, alituchapia karatasi tupu zenye kichwa cha mahakama juu, na sentensi ile imeshachapwa chini kabisa. Asubuhi nachukua rundo langu. Nje, korido imejaa watu tangu saa moja. Hakimu anataka orodha iishe. Mtu anasema, naandika, nageuza karatasi, namwonyesha mahali pa kidole.

Kwa hiyo kila karatasi ilikuwa imekwisha kuthibitisha kwamba mtu amesomewa, kabla mtu mwenyewe hajatoka nyumbani kwake.

Sikuona ubaya. Naandika hivi bila kujitetea: sikuona ubaya. Nilistaafu na barua ya pongezi "kwa usahihi wa maandishi", nikaitia fremu, nikaitundika sebuleni juu ya redio.

Baada ya kustaafu, akanijia kijana mmoja wa cheo cha chef de travaux, yaani mwalimu wa chuo ambaye bado hajawa profesa. Nitamwita Mwalimu Kabamba. Alikuwa anafundisha utaratibu wa mahakama kwa namna ambayo sikuwahi kuiona.

Darasani kwake, mwanafunzi mmoja anakaa kwenye benchi mbele na kusimulia jambo lililompata kweli, kwa Kiswahili, anavyoongea nyumbani. Wa pili anakuwa greffier, anaandika kwa Kifaransa. Wa tatu anachukua karatasi na kumsomea msimulizi kwa Kiswahili. Msimulizi ana haki ya kukataa. Akikataa mstari, greffier anaanza upya. Maksi hazitolewi mpaka mwenye maneno aseme yale ni yake.

Mwalimu Kabamba aliniomba nikae kwenye kiti cha greffier ili vijana waone mtu wa kazi. Nilivaa suti. Nilichukua kalamu yangu ya zamani.

Kwenye benchi akakaa kijana wa Kambove, mchekeshaji, aliyesimulia kesi ya mbuzi wa jirani. Mbuzi alikuwa amekula unga wa mama yake ulioanikwa kwenye mkeka. Kijana akamfunga kamba, mbuzi akavuta, akaanguka.

Nikaandika. Nilipofika pale pa kuanguka, nilikuwa tayari nimemaliza sentensi. Kwa kesi za mbuzi nilizowahi kuandika, mbuzi akianguka huwa amekufa.

Mwanafunzi wa tatu, msichana, akasoma kwa sauti, kwa Kiswahili: "Anakubali kwamba alikamata mbuzi na kamba, na mbuzi ikakufa."

Kijana wa Kambove aliruka kutoka kwenye benchi.

"Papa Greffier! Weye unanipeleka ku prison? Mbuzi haikukufa! Ilisimama, ikarudia kwabo. Iko hai mpaka leo, inakula bunga ya bantu!"

Darasa zima likavunjika kwa kicheko. Kuna aliyepiga meza akalia: "Rudisha uhai ya mbuzi, Papa!" Mwalimu Kabamba mwenyewe aligeukia ubaoni ili nisiuone uso wake.

Nami nilicheka, wakuu. Nilicheka kama mtu mwenye uhakika kwamba hilo ni jambo la darasani tu.

Ambaye hakucheka ni yule aliyesoma. Anaitwa Godelive. Aliinua mkono, akauliza kwa adabu kabisa: "Papa, ku tribunal, kama muntu anakatala kusinia, mulikuwa munafanya nini?"

Nikamjibu: "Binti yangu, katika miaka yangu yote hakuna aliyekataa."

Akaliandika jibu langu kwenye daftari. Nilidhani ananisifu.

Miezi ikapita. Godelive alikuwa anaandika kazi yake ya kumalizia masomo, mémoire, na mada yake ilikuwa hiyohiyo: je, watu wa Likasi waliotoa maneno yao mahakamani walisomewa kweli? Mkuu wa makarani wa sasa alimpa ruhusa ya kuangalia mafaili ya zamani yaliyofungwa. Ruhusa hiyo ni ya maandishi, ina muhuri, nimeiona.

Siku moja mchana akafika kwangu na bahasha ya kopi. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha na viatu vyake vilijaa udongo mwekundu, akavivua mlangoni. Mke wangu akamletea maji. Godelive akazipanga karatasi mezani moja baada ya nyingine, kama mtu anayepanga ushahidi, na kwa kweli ndivyo alivyokuwa anafanya.

"Papa, angalia tu hapa chini," akasema. "Usisome. Angalia."

Nikaangalia. Mwanzoni sikuona kitu. Kisha nikaona.

Mtu anapokuwa na maneno mengi, mwandiko unaanza vizuri juu, mistari imeachana. Ukikaribia chini, herufi zinakuwa ndogo. Mistari inabanana. Mwishoni maneno yanapanda pembeni mwa karatasi, yanapinda, yanaizunguka ile sentensi iliyochapwa ili yasiiguse.

"Kama sentensi ingeandikwa nyuma ya maneno," akasema Godelive, "maneno hayangeikimbia. Hii sentensi njo ilifika ya kwanza, Papa."

Nilikuwa nimeziona karatasi zile mara maelfu, na mwandiko ni wangu. Sikuwahi kuliona hilo. Msichana ambaye hajawahi kushika hata muhuri wa mahakama aliliona.

Nikajikinga na heshima ya cheo changu. Nilimwambia kwamba PV ni acte authentique, yaani hati ambayo mahakama inaiamini mpaka mtu athibitishe kwamba ni ya uongo, na kwamba mwandiko uliobanana si uthibitisho.

Akakubali kwa kichwa. Kisha akatoa karatasi ya mwisho, ambayo alikuwa ameificha chini ya bahasha.

"Hii ni ya mama yangu."

Nisimamishe maelezo kidogo, mjue karatasi ile ni ya nini.

Baba yake Godelive alikuwa mfanyakazi wa kiwanda, nao waliishi kwenye nyumba ya kambi ya kampuni kule Panda. Baba akafariki. Nyumba ikadaiwa apewe mfanyakazi mwingine. Mjane akaitwa mahakamani. Akasema maneno yake, mbele yangu, nami nikaandika: La comparante accepte de libérer les lieux. Aliyeitwa anakubali kuondoka katika nyumba.

Chini yake, sentensi iliyochapwa. Chini ya sentensi, kidole gumba. Pembeni, saini yangu, nzuri, yenye mkia.

"Mama anasema alisemaka ivi," Godelive akaniambia. "Nitatoka siku ile mutanionyesha fasi ya kulalisha batoto. Ile nusu ya nyuma haiko mu karatasi."

Niliitafuta kwenye karatasi nusu hiyo, ya mahali pa kulaza watoto. Haikuwemo.

"Karatasi inasema alisomewa. Mama anasema hapana. Mule chumba, muntu mwengine alikuwa ni weye peke, Papa. Njo juu ya ile nilikuja."

Kisha akaongeza, na hili ndilo lililonikaa kifuani: "Hanikukuja kukusambisha ku tribunal. Nakuja kuuliza tu, kwa travail yangu. Kama weye unanyamaza, nitaandika: greffier alinyamaza."

Wakuu, hiyo ndiyo ilikuwa hali. Bila mimi, kazi ya msichana huyu ilikuwa neno la mjane dhidi ya muhuri wa mahakama. Nikisema ukweli, kazi yake inasimama, na mimi na barua yangu ya pongezi tunaanguka.

Sitawadanganya kwamba niliamua siku ileile. Nilikaa siku kadhaa. Nilijaribu kukumbuka asubuhi ile na sikumkumbuka yule mama. Sikuukumbuka uso wake, wala sauti, wala jambo lolote la siku hiyo. Ndipo nilipojua jibu langu. Mtu uliyemsomea maneno yake, ukamwona akisikiliza kama ni yake au si yake, humsahau hivyo?

Nikachukua kopi, nikaenda soko la Kikula.

Mama Godelive anauza makayabo, samaki wa chumvi, meza ya tatu ukiingia kwa upande wa wauza mafuta. Nilijitambulisha. Akaniangalia kutoka kofia hadi viatu.

"Aaah. Njo weye wa kidole."

"Ndiyo, Mama. Nimekuja kukusomea."

"Leo?" Akacheka, akamgeukia jirani yake. "Mama Jeanne, kuya usikie! Tribunal ilinifuata mpaka ku makayabo!"

Nikasoma nikiwa nimesimama, kwa Kiswahili, mstari kwa mstari, kofia mkononi. Wauzaji wa meza za karibu wakasogea. Nilipomaliza na ile "anakubali kuondoka katika nyumba", Mama Godelive alikuwa ameinua mkono mmoja wenye chumvi kama mwanafunzi darasani.

"Ule mwanamuke wa mu karatasi," akasema polepole, "ni mupole sana. Hana hata mutoto. Ule siyo miye."

Mama Jeanne akapiga makofi: "Ule hatumujue hapa!"

"Andika ingine," Mama Godelive akaniamuru. "Na uandike pole, kidole yangu haikimbie."

Nikaketi juu ya kreti. Akasema yote, pamoja na nusu ile ya nyuma. Nikaandika. Nikamsomea. Akakataa mstari mmoja, nikaufuta. Nikamsomea tena. Ndipo akasema: "Njo vile," yaani ndivyo hasa.

Nyumbani niliandika tamko langu, kurasa mbili, nikisema kwamba mimi, greffier niliyeandika PV ile, sikumsomea mwenye maneno, na kwamba karatasi za namna ile zilikuwa na sentensi ya kusomewa kabla ya kutumika. Nikasaini kwa saini ileile yenye mkia.

Sasa tuje kwenye tuzo.

Chuo kile hutoa tuzo mbili za Kitivo cha Sheria mwishoni mwa mwaka wa masomo: moja ya utafiti bora wa mwanafunzi, nyingine ya ubunifu katika ufundishaji. Godelive aliwasilisha kazi yake kwa ile ya kwanza, Mwalimu Kabamba akawasilisha somo lake la kusomeana kwa ile ya pili. Mafaili yote mawili yalikuwa na tamko langu kama kiambatisho.

Niliyapeleka mimi mwenyewe ofisini kwa Katibu, pamoja na orodha ya viambatisho katika kopi mbili. Kijana wa mapokezi akataka kuyachukua hivihivi.

"Papa, acha tu pale ku meza."

"Muhuri kwanza, mwanangu. Muhuri, saa na saini."

Akavuta pumzi, akagonga muhuri. (Vijana huona hili ni ukaidi wa wazee. Endeleeni kusoma.)

Wiki chache baadaye matokeo ya awali yakabandikwa. Hakuna Godelive, hakuna Kabamba. Mwalimu akaomba kopi ya PV ya kamati, akaniletea. Ilisema kwamba wajumbe wote, kwa kauli moja, wameona kazi ya mwanafunzi "inashambulia hati za mahakama bila shahidi yeyote", na kwamba somo la mwalimu "ni mchezo wa jukwaani usiolingana na hadhi ya Kitivo". Chini kulikuwa na maneno haya: Baada ya kusomewa, wajumbe wote wamekubali na kusaini.

Mwalimu Kabamba akanieleza kwamba hata kabla ya hapo Katibu alikuwa amemwambia koridoni: "Droit haiko théâtre, cher collègue. Na haiko Kiswahili ya ku soko." Yaani sheria si maigizo. Kwa hilo sina karatasi. Nina neno la Kabamba tu.

Lakini "bila shahidi yeyote"? Nilitoa orodha yangu yenye muhuri. Kiambatisho cha nne: tamko la greffier. Kilipokelewa, kwa saa na saini ya ofisi ya Katibu mwenyewe. Baadaye wajumbe walinithibitishia kwamba katika faili lililowafikia hakikuwemo.

Kisha nikageuza ukurasa wa mwisho wa PV yao, nikaangalia saini. Ninazijua karatasi, wakuu. Saini za wajumbe zilikuwa kwenye karatasi ya pekee, yenye mistari na namba, iliyobanwa kwa pini nyuma ya PV. Ilikuwa karatasi ya mahudhurio.

Mmoja wa wajumbe ni wakili mwanamke ambaye nilimwona kwa miaka mingi akija mahakamani, Maître Honorine. Nikaenda ofisini kwake asubuhi iliyofuata, nikamwekea PV mezani. Aliisoma akiwa amesimama. Akakaa. Akaisoma tena.

"Miye? Nilikubali?" akasema. "Papa, siku ile tulikunywa fanta, wakatupatia feuille ya présence tusinie. Katibu akasema, PV nitaandika kisha. Hakuna muntu alinisomea kintu."

"Hivyo ndivyo nilivyofikiri, Maître."

Akaniangalia juu ya miwani, akatingisha kichwa. "Mutoto anaandika mémoire mizima juu ya bantu basinie bila kusomewa. Na shiye, ili kumunyima prix, tunasinia bila kusomewa."

Akachukua simu, akampigia mkuu wa Kitivo, doyen, mbele yangu.

Kikao kipya kiliitishwa kabla ya siku ya sherehe. Niliitwa kama shahidi. Chumba kilikuwa kidogo, madirisha wazi, wajumbe upande mmoja, doyen katikati, Katibu na kalamu yake pembeni. Godelive na Mwalimu Kabamba waliketi nyuma yangu. Katika kazi yangu nilikuwa nimekaa kila mara upande wa kalamu. Hii ilikuwa mara yangu ya kwanza kukaa upande wa kiti.

Kuhusu kiambatisho cha nne, Katibu alisema labda kilidondoka. Doyen akaiangalia orodha yangu, akauangalia muhuri, akamsogezea Katibu.

Ndipo Katibu akanigeukia. Alikuwa amejiandaa.

"Papa Greffier, uko na barua ya pongezi ku nyumba, siyo? Kwa usahihi wa maandishi?"

"Ninayo."

"Leo unatuambia nini? Ulikuwa unadanganya miaka yote ile?"

Wajumbe wakainua vichwa.

"Bwana Katibu," nikajibu, "nilithibitisha kwamba watu wamesomewa, nao hawakusomewa. Kwa Kiswahili fasaha na kwa Kifaransa fasaha, jina lake ni uongo. Niliufanya kwa mwandiko mzuri. Msichana huyu ameugundua kwa kuangalia mahali maneno yangu yanapopinda. Kama hilo si utafiti, basi naomba Kitivo kinieleze utafiti ni nini."

Maître Honorine akasema, "Voilà," kwa sauti ya chini.

Nilidhani tumemaliza. Katibu akaandika, akaigeuza karatasi, akanisogezea nisaini.

Wakuu, mkono wangu ulikuwa umekwisha kuishika kalamu. Mazoea ni kitu kibaya. Nyuma yangu nikasikia sauti ya Godelive, kwa unyenyekevu kabisa: "Papa. Hawayakusomea."

Nikaiweka kalamu chini. Doyen akaamuru isomwe kwa sauti, kwa Kiswahili.

Katibu akasoma. Alipofika kwangu akasoma: "Shahidi anasema kwamba huenda hakumsomea mwenye maneno."

Nikainua mkono. "Hilo neno 'huenda' sikulisema."

"Ni namna ya kuandika tu, Papa."

"Najua. Nimeiandika miaka mingi. Futa."

Akafuta. Akasoma upya. Nikasaini.

Mwenzenu nimesaini karatasi nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na ile ndiyo ya kwanza niliyoisaini nikiwa mwenye maneno yaliyosomwa. Ninawaambia, kifua kinafunguka.

Kamati ikapiga kura palepale. Tuzo ya utafiti bora: Godelive. Tuzo ya ubunifu katika ufundishaji: Mwalimu Kabamba. Mara hii kila mjumbe alisaini chini ya maneno yenyewe.

Sherehe ilikuwa siku ya Jumamosi. Ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama madirishani. Majoho, maua, fanfare, yaani bendi ya shule, kipaza sauti kinachokatika kila baada ya sentensi mbili. Akina mama wa soko la Kikula walikuja kwa kundi, wamevaa pagne, yaani vitenge, vya aina moja, wakakaa safu ya mbele iliyowekewa wageni rasmi, na hakuna mlinzi aliyethubutu kuwaondoa.

Jina la Godelive lilipotajwa, vigelegele vilizima fanfare. Kutoka nyuma kabisa ya ukumbi ikatoka sauti ya yule kijana wa Kambove: "Mbuzi iko hai! Mbuzi iko hai!" Ukumbi mzima ukalipuka. Wageni rasmi walitazamana, hawakuelewa. Mwalimu Kabamba alipanda kupokea tuzo yake huku anafuta machozi ya kicheko.

Mama Godelive hakuitwa jukwaani. Alipanda. Alimkumbatia mtoto wake, akachukua kipaza sauti kutoka mkononi mwa mshereheshaji kama anayechukua kitu chake, akasema sentensi moja:

"Bantu ya Panda, bantu ya Kikula, kama banabaita ku tribunal: musitie kidole mbele ya kusikia." Yaani kabla ya kusomewa.

Kisha akashuka, akanipa mkono mbele ya watu wote. Nilikuwa nimemwandikia uongo uliomtoa nyumbani kwake, naye akanipa mkono.

Kwa ajili ya kumbukumbu: nyumba ya Panda haijarudi. Watu wengine wanaishi humo, nao pia wana watoto. Tuzo haitengui hukumu. Mwanamke yule na watoto wake walihama wakati wa mvua, na hilo halifutiki kwa vigelegele.

Na kwa ajili ya kumbukumbu pia: katika picha rasmi ya sherehe, aliyeshika maua kulia kwa Godelive, akitabasamu, ni Katibu wa Kitivo. Bado yuko ofisini.

Nilichojifunza, wakuu, ni kidogo na kimechelewa. Nilidhani kuweka kumbukumbu sawa ni kuwa na muhuri, namba na mwandiko safi. Kumbe kumbukumbu haijawa sawa mpaka mwenye maneno aisikie na aseme ni yake. Nimefundishwa hivyo na wanafunzi, uzeeni, kwa kesi ya mbuzi.

Walio makarani, mawakili, mapolisi, walimu wa sheria humu: mnafanyaje kwenu? Mnawasomea watu? Aliyewahi kusaini asichosomewa naye aandike. Anayeniona nimejiaibisha bure aseme pia, nitamjibu.

Sasa ninamalizia kwa utaratibu.

Ninamtaka Katibu wa Kitivo cha Sheria aeleze kwa maandishi, ndani ya siku kumi na tano za kazi, nani aliyekitoa kiambatisho cha nne katika faili lililopokelewa na ofisi yake. Kwa nini karatasi ya mahudhurio ilibanwa kwenye uamuzi ambao haukusomwa. Na aombe radhi kwa Godelive na kwa Mwalimu Kabamba katika ukumbi uleule, kwa sauti. Ninamtaka doyen aiweke barua yangu ya madai haya, iliyopokelewa kwa muhuri, katika kumbukumbu za Kitivo.

Kwa upande wangu, barua ya pongezi nimeitoa kwenye fremu na kuirudisha mahakamani, pamoja na ombi kwamba mafaili yote yenye karatasi za stensili na saini yangu yafunguliwe, waliomo waitwe, wasomewe, nami niitwe kuwa wa kwanza kuhojiwa. Ombi hilo lina muhuri wa kupokelewa. Nasubiri jibu.

Uzi huu nimemsomea Mama Godelive wote, asubuhi ya leo, kwenye meza yake ya makayabo, kabla ya kuuweka hapa. Alinifutisha mistari miwili, nikaifuta. Akasema: njo vile.

Ndipo nasaini.

Greffier mstaafu, Likasi.